Anayeuliza Ataka Jibu, Si Istilahi

Wahenga walitufundisha kuwa kuuliza si ujinga. Sisi walimu tumeirudia methali hiyo darasani mara nyingi hata imekuwa kama salamu: tunaitamka tunapotaka wanafunzi wainue mikono, na tunaisahau pindi mikono inapoinuliwa. Lakini methali hiyo inamtetea anayeuliza tu. Haimwambii lolote anayejibu. Je, kujibu nako hakuwezi kuwa ujinga? Leo naomba ruhusa ya msomaji nilijadili swali hilo. Mfano wangu nitautoa mbali kidogo na darasa, nitautoa angani, miongoni mwa marubani na wahandisi wa ndege. Lugha ya kazi ya watu hao imepangwa kwa uangalifu mkubwa, na kwa sababu hiyo inaweza kutufunza mahali istilahi inapofaa na mahali inapoharibu.

Nianze na kisa. Mnamo 2012 nilimsindikiza mama yangu mkubwa kutoka Mombasa hadi Nairobi. Alikuwa akiugua ule ugonjwa wa presha ya jicho ambao madaktari huuita glakoma, na daktari aliyependekezewa alikuwa Nairobi. Hakuwa amewahi kupanda ndege. Alikaa kitini kwa utulivu, mkanda umemkaza, tasbihi mkononi. Ndege ilishika kasi, ikapaa, injini zikavuma kwa nguvu. Aliniambia baadaye kwamba uvumi ule ulimpa imani, kwa maana chombo kinachofanya kazi sharti kisikike. Kisha, muda mfupi baada ya kuiacha ardhi, uvumi ukapungua ghafla. Tumbo nalo likahisi kana kwamba tunashuka. Mama mkubwa akanishika mkono. Ng'ambo ya ujia alikuwa ameketi kijana aliyevaa shati jeupe lenye mistari ya dhahabu mabegani, bila shaka mtu wa kazi hiyo anayesafiri kama abiria. Mama mkubwa akaona hapana wa kuulizwa aliye bora kuliko huyo.

"Mwanangu, mashine imezimika?"

Kijana akatabasamu kwa heshima. "Hapana, mama, usijali. Hiyo ni thrasti rediksheni tu. Tumefika aksilaresheni altityudi, sasa flapsi zinaritraktiwa."

Yote aliyoyasema yalikuwa kweli. Hapakuwa na uongo ndani yake wala dharau. Mama mkubwa akanigeukia: "Amesema nini?" Nami, mwenye shahada ya uzamifu katika isimu, nikabaki kutoa macho. Maneno ya Kiingereza aliyoyatumia niliyajua moja moja. Jumla yake sikuijua. Nikasema, "Anasema hakuna neno." Mama mkubwa akanitazama kwa muda, akauliza, "Kama hakuna neno, mbona maneno ni mengi?"

Alirudi Mombasa kwa basi, usiku kucha, safari ya karibu kilomita 480. Miezi mitatu baadaye alitakiwa kumwona daktari tena. Ndege aliikataa katakata. Basi nalo magoti yake hayakuliweza. Tarehe ikapita, na nyingine ikapita. Glakoma haimsubiri mtu, na uwezo wa kuona unaopotea kwa ugonjwa huo haurudi. Alipokubali hatimaye kusafiri, jicho lake la kushoto lilikuwa limekwisha kuingia giza. Sisemi kwamba kijana yule ndiye aliyempofusha. Hofu ya mama mkubwa ilikuwa na mizizi mingi, na mimi niliyekaa kando yake nina fungu langu la lawama. Ninalosema ni kwamba palipatikana nafasi moja, ya muda usiozidi nusu dakika, ambapo sentensi chache za Kiswahili cha kawaida zingetosha, na nafasi hiyo tukaipoteza.

Sentensi zenyewe ni hizi: "Mama, ndege huhitaji nguvu nyingi zaidi inapoondoka ardhini. Ikishafika juu kiasi, rubani hupunguza nguvu hiyo makusudi, ili injini zisichakae upesi na watu wa chini wasipigiwe kelele. Bado tunapanda, ila tunapanda polepole zaidi, ndiyo maana tumbo linadhani tunashuka." Hamna istilahi hata moja hapo, na hamna uongo. Rubani yeyote angeweza kuyasema hayo bila kuona haya mbele ya wenzake.

Tatizo hili linatuhusu sisi wa darasani kuliko tunavyodhani. Katika shule zetu za upili tunafundisha isimujamii, na ndani yake tunafundisha sajili. Mwanafunzi hukariri sifa za sajili ya hospitalini, ya mahakamani, ya biashara, ya dini, na kadhalika. Akiandika kuwa sajili fulani "hutumia msamiati maalumu" na akatoa mifano, hupewa alama yake. Ni nadra kumwuliza swali la pili ambalo kwangu ndilo la kwanza kwa uzito: msamiati huo hutumiwa baina ya nani na nani? Daktari anayezungumza na daktari mwenzake kando ya kitanda hazungumzi kama anavyopaswa kuzungumza na mgonjwa aliyelala kitandani humo. Wodi ni moja, maradhi ni yale yale, lakini sajili ni mbili. Tunapomfundisha mtoto kuwa sajili ni orodha ya maneno ya mahali fulani, tunamwandaa kuwa mtaalamu atakayewamwagia watu orodha hiyo bila kuwatazama usoni.

Hata hivyo, nisieleweke vibaya. Mimi si adui wa istilahi. Kazi yangu yenyewe hainiruhusu kuwa adui wake. Angani, istilahi iliyokubaliwa huokoa maisha, na inapokosekana watu hufa. Tarehe 27 Machi 1977, katika uwanja wa ndege wa Los Rodeos, kisiwani Tenerife, ndege mbili kubwa aina ya Boeing 747 ziligongana ukunguni na watu 583 wakafariki. Sababu zilikuwa kadha wa kadha, lakini mojawapo ilikuwa ya lugha. Rubani msaidizi wa ndege ya KLM alisema redioni kwa Kiingereza maneno yaliyoweza kueleweka kwa njia mbili: kwamba wapo mahali pa kupaa, au kwamba wanapaa. Mwongozaji wa ndege aliyekuwa mnarani alielewa maana ya kwanza, kumbe ndege ilikuwa tayari inakwenda mbio, ilhali haijapewa idhini. Baada ya maafa hayo kanuni za matamshi ya redioni zilikazwa. Neno la Kiingereza la kupaa likatengwa, lisitumiwe ila idhini ya kupaa inapotolewa au inapofutwa. Kwingineko kote litumiwe neno la kuondoka.

Miaka 13 baadaye, tarehe 25 Januari 1990, ndege ya Avianca iliyotoka Kolombia kwenda New York ilicheleweshwa angani hadi mafuta yakaisha, ikaanguka kisiwani Long Island. Kati ya watu 158 waliokuwamo, 73 walikufa. Marubani walikuwa wamesema redioni kwamba wanahitaji kutangulizwa na kwamba mafuta yanawaishia. Hawakulitamka tamko rasmi la dharura, lile ambalo likisikika huwalazimu waongozaji kusimamisha mengine yote. Hapa maneno ya kawaida ndiyo yaliyopungukiwa na nguvu, na istilahi ndiyo iliyohitajika.

Ndiyo sababu wana anga wakajitungia lugha isiyo na utani. Herufi husomwa kwa majina: Alfa, Bravo, Charlie, hadi Zulu, na alfabeti hiyo imetumika tangu 1956. Alfa huandikwa kwa herufi f, na Juliett hutiwa t mbili mwishoni, ili msomaji wa lugha yoyote asikosee kuyatamka. Tarakimu tisa ya Kiingereza huongezewa silabi isije ikasikika kama tano katika redio yenye mikwaruzo. Hata wito wa "Mayday" ulibuniwa katika miaka ya 1920 kwenye uwanja wa Croydon, London, kutokana na sauti za maneno ya Kifaransa ya kuomba msaada, ili ueleweke pande zote mbili za mlangobahari baina ya Uingereza na Ufaransa. Tazama, msomaji, jinsi kila uamuzi hapo ulivyofanywa kwa kumfikiria msikilizaji. Ni istilahi kweli, lakini istilahi iliyozaliwa na swali hili: yule wa upande wa pili atasikia nini?

Swali hilo ndilo linalosahauliwa mtaalamu anapogeuka kutoka redioni na kumwelekea abiria. Maneno ni yale yale, ila msikilizaji amebadilika. Na neno ambalo kwa mwenzake lilikuwa ufunguo, kwa abiria huwa kufuli.

Mara nyingine huwa baya kuliko kufuli, kwa sababu msikilizaji hudhani ameelewa. Chukua neno ambalo marubani wetu hulitamka "stoli". Mtu anayeendesha gari analijua: ni injini kuzimika barabarani. Akisoma kwamba ndege ilipatwa na stoli, papo hapo ataona injini zimezimika angani. Lakini kwa rubani neno hilo halina uhusiano wa lazima na injini. Ni hali ya bawa. Bawa likiinuliwa mbele kupita kiasi dhidi ya upepo unaolijia, hewa huacha kulifuata kwa ulaini, na bawa hupoteza sehemu kubwa ya uwezo wake wa kuibeba ndege. Tarehe 1 Juni 2009, ndege ya Air France iliyotoka Rio de Janeiro kuelekea Paris ilitumbukia katika Bahari ya Atlantiki na watu wote 228 wakafa. Vipimo vya mwendo vilizibwa na barafu kwa muda, mtambo wa kujiendesha ukajitoa, pua ya ndege ikainuliwa kupita kiasi, na ndege ikaporomoka ikiwa katika stoli. Injini zake zilikuwa zikifanya kazi hadi ilipoyagonga maji. Yeyote atakayewaelezea jamaa za marehemu mkasa huo kwa kutumia neno hilo bila kulifafanua atakuwa amesema kweli, na wao watakuwa wameondoka na uongo.

Kwa nini basi wataalamu hufanya hivyo? Nimewatazama, nami ni mmoja wao, na ninaona sababu nne. Ya kwanza ni mazoea. Neno ulilolitumia miaka 20 halionekani tena kuwa neno gumu. Limekuwa kama hewa. Ya pili ni woga. Mtaalamu huogopa kwamba akirahisisha, mwenzake atamsikia na kumwambia amekosea. Kwa hiyo hujibu akilitazama jopo la wenzake lisilokuwapo, na kumsahau bibi aliyemwuliza. Ya tatu ni majivuno, nayo haihitaji maelezo mengi. Ya nne ndiyo inayofichwa zaidi: wakati mwingine mtaalamu mwenyewe hajui. Amelimiliki jina la kitu, hajakimiliki kitu chenyewe, na istilahi humsitiri kama buibui. Mwalimu yeyote aliyewahi kusahihisha mitihani anawafahamu wanafunzi wa namna hii. Mwambie mmoja wao aeleze bila kutumia neno lile, utaona nusu yao wamenyamaza.

Najua pingamizi litakalotolewa. Watasema kuwa ukirahisisha unapotosha. Pingamizi hili lina uzito, na naomba tulikabili kwa haki. Wengi wetu tulifundishwa kuwa bawa la ndege huinuka kwa sababu sehemu yake ya juu imebinuka, hivyo hewa ya juu huwa na njia ndefu zaidi na hukimbia ili ifike nyuma pamoja na hewa ya chini. Ni maelezo mepesi, yanaeleweka na mtoto, na si ya kweli. Hakuna sheria yoyote ya maumbile inayoilazimu hewa ya juu kuisubiri au kuiwahi ile ya chini. Vipimo vinaonyesha kwamba ya juu hutangulia kufika. Isitoshe, kama maelezo hayo yangekuwa sahihi, ndege za maonyesho zisingeweza kuruka kichwa chini miguu juu, nazo huruka.

Lakini kosa la maelezo hayo halikutokana na wepesi wa lugha yake. Lilitokana na kutokuwa kweli. Yapo maelezo mengine mepesi vivyo hivyo ambayo ni ya kweli: bawa linapokwenda mbele huisukuma hewa ielekee chini, na hewa nayo hulisukuma bawa lielekee juu. Mtoto aliyewahi kutoa kiganja nje ya dirisha la matatu inayokwenda kasi, kabla utingo hajamgombeza, ameyahisi haya mkononi mwake: ukikiinua kiganja kidogo upande wa mbele, upepo unakipandisha. Hayo si maelezo yote. Mhandisi ana mengine mengi ya kuongeza, na hesabu zake juu. Lakini tusichanganye mambo mawili. Jibu pungufu si jibu la uongo. Ramani ya Kenya iliyo ukutani darasani haionyeshi kila kichochoro cha Mji wa Kale wa Mombasa, wala hakuna anayeiita ramani ya uongo kwa sababu hiyo.

Pingamizi la pili hutoka kwa wapenzi wenzangu wa Kiswahili. Wao husema kwamba tatizo ni Kiingereza. Tukipata istilahi za Kiswahili, wananchi wataelewa. Laiti ingekuwa rahisi hivyo! Kazi ya kuunda istilahi ni ya lazima na ya heshima. Mnamo 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, na manufaa ya kazi ya aina hiyo hayana mfano. Hata hivyo, istilahi ya Kiswahili asiyoijua msikilizaji ni istilahi vilevile. Lau yule kijana angemwambia mama mkubwa kuwa "kani msukumo imepunguzwa baada ya kufikia kimo cha uongezaji kasi", angelikuwa amezungumza Kiswahili sanifu, na mama mkubwa angeliendelea kunishika mkono.

Kiswahili chenyewe kinatoa ushahidi. Neno "rubani" ni la kale kuliko ndege. Lilitoka baharini, likimtaja mtu ajuaye njia za maji aongozaye chombo. "Kwenda mrama" ni msemo tunaoutumia kila siku kwa mambo yaliyoharibika, ilhali asili yake ni chombo kuyumba ubavu kwa ubavu. Na ni wanafunzi wangapi wanaoandika katika insha zao kuwa "mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani"? Waulize tezi ni nini, omo ni nini, ngama ni nini. Aghalabu watakujibu kwamba maana ya methali ni kuwa mtu hurudi kwao. Wachache mno watakuambia kwamba tezi ni sehemu ya nyuma ya chombo, omo ni sehemu ya mbele, na ngama ni sehemu ya chini ndani ya chombo ambako maji hukusanyika. Wanalo neno, hawana jahazi. Istilahi za mabaharia zimo vinywani mwetu, ni za Kiswahili asilia, na bado hazisemi kitu kwa aliye bara mpaka aonyeshwe chombo.

Msomaji ataniuliza kama jambo hili lina uzito wowote nje ya hofu ya bibi mmoja. Lina. Tarehe 23 Novemba 1996, ndege ya Ethiopian Airlines iliyoondoka Addis Ababa kuelekea Nairobi ilitekwa nyara, ikaishiwa na mafuta, ikatua kwa kishindo baharini karibu na ufuo wa Ngazija, visiwani Komoro. Watu 125 kati ya 175 walifariki. Miongoni mwao walikuwamo abiria waliookoka kishindo chenyewe lakini walikuwa wamezijaza hewa jaketi zao za kuokolea maisha wakiwa bado ndani ya ndege. Maji yalipoingia, jaketi zikawaelea nazo hadi darini, wasiweze kupiga mbizi kuufikia mlango. Katika kila safari abiria huagizwa wasilijaze jaketi hewa kabla ya kutoka nje. Agizo hilo hukaririwa haraka haraka, kwa sauti ya mtu aliyelitamka mara elfu, na ni nadra sana kusikia sababu yake ikitajwa. Naamini kwamba agizo lisilo na sababu huwa jepesi kumtoka mtu akilini saa ya kitisho, ilhali sababu hubaki. Mwambie abiria, "Ukilijaza humu ndani, maji yatakupandisha darini na mlango utakuwa chini yako," naye hatalisahau maisha yake yote. Ni sentensi moja.

La kufurahisha ni kwamba wana anga wenyewe wamekwisha kulitambua jambo hili rasmi. Viwango vya lugha vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, vilivyoanza kutumika 2008, vinamtaka rubani wa safari za kimataifa aonyeshe umilisi wa mambo mawili: matamshi rasmi ya redioni, na lugha ya kawaida ya kutumia pale matamshi rasmi yasipotosha. Hupimwa katika matamshi, muundo, msamiati, ufasaha, ufahamu na maingiliano. Kwa maneno mengine, hata kwa mwenzake mnarani, rubani hahesabiwi kuwa ameiva mpaka aweze kulieleza jambo nje ya istilahi. Sembuse kwa abiria?

Sasa niungame langu, nisije nikaonekana kuwa nyani asiyeona kundule. Wakati fulani nilialikwa kuzungumza na walimu wa shule za msingi. Mwalimu mmoja akauliza kwa nini wanafunzi wake hutamka "mutu" na "mutoto" badala ya "mtu" na "mtoto", na afanyeje. Nikamjibu kwa ufasaha kuhusu uchopekaji wa irabu, silabi wazi, na konsonanti zenye hadhi ya usilabi. Akaandika yote, akashukuru, akaketi. Wakati wa chai nilimsikia akimwuliza mwenzake, "Mwalimu, wewe ulielewa alichosema?" Nikaikumbuka sauti ya mama mkubwa, na chai ikanishinda.

Nilimwendea, nikaanza upya. Nikamwambia kuwa katika lugha nyingi za mama, kama vile Kikuyu na Kikamba, mtu ni "mũndũ", na ile m daima hufuatwa na vokali. Mtoto anakiazima Kiswahili vokali ambayo kinywa chake kimeizoea. Si mzembe, wala si mjinga. Amfundishe kupiga makofi: "m" kofi moja, "tu" kofi la pili, midomo ikibaki imefumbwa katika kofi la kwanza. Mwalimu akapiga makofi mawili pale pale, kikombe kikiwa mezani, akacheka. Hilo ndilo jibu alilokuwa amelijia.

Kutokana na makosa haya, ya wengine na yangu, ningependa kuwapendekezea walimu wenzangu, na wanafunzi watakaokuwa wataalamu wa kesho, mambo manne. Kwanza, litafute swali lililo nyuma ya swali. Mama mkubwa hakuuliza habari za injini. Aliuliza kama atafika salama. Pili, anza na jibu, sababu ifuate. "Tuko salama, bado tunapanda" litangulie. Mengine yote yangoje zamu yao. Tatu, kionyeshe kitu kabla ya kukipa jina. Mwanafunzi akiuliza kwa nini njia ya kurukia ndege katika uwanja wa Jomo Kenyatta ina urefu unaozidi mita 4,000, na ile ya uwanja wa Moi, Mombasa, ni kama mita 3,350, usianze na istilahi ya msongamano wa hewa. Mwambie kuwa Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na huko juu hewa ni nyepesi. Injini huvuta hewa kidogo, bawa nalo hukanyaga hewa kidogo, kwa hiyo ndege hulazimika kukimbia zaidi kabla ya kuinuka. Hiyo ni sababu moja kubwa ya tofauti ile. Akishaliona hilo, mpe jina lake la kitaalamu, naye atalipokea kama zawadi kwa sababu sasa ana mahali pa kuliweka. Nne, ukitoa mfano, sema mfano unakomea wapi. Kiganja dirishani kinafundisha mengi juu ya bawa, si yote.

Na tuyatie haya katika mitihani yetu. Badala ya kumwuliza mwanafunzi aorodheshe sifa tano za sajili ya hospitali, tumpe maneno ya daktari na kumtaka ayaeleze kwa nyanya yake. Hapo tutajua kama ameelewa sajili, na kama ameelewa ugonjwa.

Mama mkubwa bado yu hai, na anaona kwa jicho moja. Baada ya muda mrefu nilimwomba rubani mmoja, rafiki yangu, anielimishe kuhusu mlio ule wa injini, kisha nikampelekea mama mkubwa jibu lake nyumbani, kwa zile sentensi chache nilizoziandika hapo juu. Alisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Ni hayo tu? Basi mbona yule kijana hakusema hivyo?"

Swali hilo sikuweza kulijibu. Nawaachia wataalamu wenzangu.